Mabamba yanasogea: ushahidi uko kwenye kasi, hauko kwenye ramani

Ukimwambia mtu kwamba mabara yanatembea, naye akakuuliza umejuaje, yaelekea utamwonyesha ramani. Bega la Brazili linaingia kwenye Ghuba ya Guinea kama kipande cha sahani iliyovunjika, na hoja inaonekana imekwisha. Haijaisha. Kati ya ushahidi wote wa mwendo wa mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia vinavyobeba mabara na sakafu ya bahari, huu wa kufanana kwa pwani ndio dhaifu kuliko wote, na kuutanguliza kunawapa wabishi kazi rahisi. Mtu yeyote mwenye mkasi anaweza kukata pwani mbili zisizohusiana na kuzilazimisha zikae pamoja.

Kwanza, pwani si mpaka wa bara. Bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi katika kilele cha enzi ya barafu, pwani zilikuwa kilomita nyingi mbali na zilipo leo, na mabara hayakuwa yamefanya lolote. Mpaka halisi ni mteremko uliozama. Edward Bullard na wenzake wa Cambridge walilijua hilo. Mwaka 1965 walichukua mstari wa kina cha fathomu 500, yaani takriban mita 900, wakatumia kanuni ya Euler isemayo kwamba kipande kinachohama juu ya tufe kinaweza kufikishwa mahali pake kwa kuzungushwa kwenye mhimili mmoja tu, kisha wakaiachia kompyuta itafute mhimili unaobakiza mapengo madogo zaidi. Vipande vilikaa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mojawapo ya sehemu zilizopandana waziwazi ilikuwa delta ya mto Niger, na hapo ndipo penye utamu: delta hiyo ni tope lililomwagwa baada ya bahari kufunguka, kwa hiyo lazima ipandane. Ingekaa sawasawa, ndipo tungekuwa na wasiwasi.

Hata hivyo, hesabu hiyo nzuri inasema tu kwamba vipande viliwahi kuwa pamoja. Haisemi lini viliachana, wala kwa kasi gani, wala kama bado vinaachana. Anayedai kwamba kitu kinatembea hana budi kutaja kasi, na kasi hiyo ipatikane kwa njia zaidi ya moja, njia ambazo makosa yake hayafanani. Hapo ndipo nguvu ya nadharia hii ilipo.

Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani aliyetangaza hoja yake mwaka 1912, alitaja kasi. Ilikuwa kasi mbovu. Alilinganisha longitudo za Greenland zilizopimwa karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, akapata kwamba kisiwa hicho kinaikimbia Ulaya kwa zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Leo tunajua ni sentimita 2 hivi. Kosa lilikuwa kwenye wakati: vipimo vya zamani vilisoma saa kwa kuutazama mwezi, na kwenye latitudo ya nyuzi 76 kukosea sekunde 1 ni kukosea zaidi ya mita 110 ardhini. Sekunde 10 zinakuzalishia kilomita nzima ya mwendo usiokuwapo. Nguvu alizodhani zinasukuma mabara nazo, ile itokanayo na mzunguko wa dunia na ile ya mvuto wa mwezi na jua, mwanajiofizikia Mwingereza Harold Jeffreys alizipigia hesabu akazikuta ni ndogo mno. Kwa hiyo ile simulizi inayopendwa ya mwenye maono aliyekataliwa na wajinga haina haki. Waliomkataa walikuwa na sababu. Walipokosea ni kudhani kwamba kasi mbovu na nguvu mbovu zinafuta kila kitu kingine alichokiweka mezani.

Na aliweka vizito. Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini asiye na uwezo wa kuvuka bahari kuu, visukuku vyake vipo upande wa Amerika Kusini na upande wa kusini mwa Afrika. Wapinzani walijibu kwa madaraja ya nchi kavu ambayo eti yalizama baadaye. Jibu hilo linakufa kwa namba tatu: mwamba wa bara una uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, wa sakafu ya bahari 2.9 hadi 3.0, na koti la dunia lililo chini yake 3.3. Chepesi hakizami ndani ya kizito. Daraja la mwamba wa bara kama lingalikuwapo, lingalikuwa juu hadi leo.

Kipimo cha kwanza chenye meno kilitoka kwenye sumaku iliyoganda ndani ya miamba. Lava ya basalti ikipoa hadi chini ya nyuzi 580 za Selsiasi, chembe zake za magnetiti hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati huo na kubaki nao. Uga huo, ukichukua wastani wa muda mrefu, huinama kulingana na latitudo: kwenye ikweta umelala, kwenye ncha umesimama wima. Kanuni ni fupi. Tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Mwamba wenye mwinamo wa nyuzi 49 ulipoa kwenye latitudo ya nyuzi 30, popote ulipo leo.

Kazi yenyewe si nyepesi kama kanuni yake. Unachimba vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha sentimita 2.5 hivi, na kabla hujavitoa unaandika jinsi vilivyolala. Dira ya kawaida haiaminiki juu ya basalti kwa sababu mwamba wenyewe unaivuta, hivyo unatumia dira ya jua. Kisha maabara: unakipasha kipande joto hatua kwa hatua na kukipoza mahali pasipo na uga wa sumaku, ili sumaku changa iliyodandia juu itoke kwanza na ya kale ibaki. Mwamba uliopigwa na radi utakupa jibu lenye nguvu kubwa na la uongo mtupu. Tabaka lililoinama lazima ulirudishe lilivyokuwa kwa hesabu. Na mtiririko mmoja wa lava hautoshi, maana uga wa dunia huyumba kila siku zipitazo. Unahitaji mitiririko mingi iliyotapakaa katika maelfu ya miaka. Miamba ya mashapo ina ugonjwa wake: uzito wa tabaka za juu huzilaza chembe, mwinamo ukasomeka mdogo, na mwamba ukaonekana ulikuwa karibu na ikweta kuliko ukweli.

Baada ya tahadhari zote hizo, basalti za Deccan magharibi mwa India, zenye umri wa miaka milioni 66, zinasema zilipoa karibu na nyuzi 30 kusini mwa ikweta. Leo ziko nyuzi 18 hivi kaskazini. Ni nyuzi 48, yaani zaidi ya kilomita 5,300, na ukigawa kwa miaka unapata wastani wa sentimita 8 kwa mwaka. Njia hii ina upofu mmoja mkubwa: haioni longitudo. Bara linaweza kuhama mashariki-magharibi maisha yake yote na sumaku isijue.

Upofu huo uliponywa na bahari. Meli ikivuta kipima sumaku mamia ya mita nyuma yake, ili chuma cha meli kisiharibu usomaji, na ukiondoa uga wa kawaida wa dunia pamoja na mabadiliko ya kila siku yaletwayo na jua, kinabaki kipandio na kiteremko cha mamia ya nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) katika uga wa makumi ya maelfu. Juu ya migongo ya katikati ya bahari, yaani safu ndefu za milima zilizozama, vipandio hivyo hupangika kama milia. Fred Vine na Drummond Matthews, wakifanya kazi na vipimo vya Mgongo wa Carlsberg katika Bahari ya Hindi, walieleza sababu mwaka 1963: sakafu mpya huzaliwa kwenye mgongo, hushika mwelekeo wa sumaku wa siku hizo, kisha husogea pande zote mbili. Uga wa dunia unapogeuka, kaskazini ikawa kusini, mlia mpya unaanza. Lawrence Morley wa Kanada alifikia wazo hilohilo kwa njia yake, na majarida yakamkatalia kulichapisha.

Miaka mitatu wazo hilo lilibaki linaning'inia, kwa haki kabisa, kwa sababu milia ya Carlsberg haikuwa safi. Ndipo mwaka 1966 ukatoka mstari wa meli Eltanin uliokata mgongo kati ya Pasifiki na Antaktika. Walter Pitman aliugeuza mstari huo kinyumenyume na kuuweka juu ya wenyewe. Upande wa kushoto ukalingana na wa kulia, kipandio kwa kipandio, kwa mamia ya kilomita. Hakuna nadharia ya bahari tuli inayoweza kukupa kioo cha namna hiyo.

Milia peke yake haina tarehe. Tarehe zilitoka nchi kavu, ambako Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple walipima umri wa lava kwa mbinu ya potasiamu na argoni na kuandika orodha ya lini uga uligeuka. Mgeuko mkubwa wa mwisho ni wa miaka 780,000 iliyopita. Sasa hesabu ni ya daftari. Tuseme mpaka wa mgeuko huo unaukuta kilomita 10 kutoka mhimili wa mgongo. Gawa kilomita 10 kwa miaka milioni 0.78: milimita 12.8 kwa mwaka. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hiyo ni kasi ya upande mmoja. Mabamba mawili yanaachana kwa mara mbili yake, karibu milimita 26, na takwimu nyingi zinazogongana katika maandishi ya watu hazigongani kabisa, ila mmoja ameandika nusu na mwenzake nzima.

Kuna pengine milia hii inanyamaza. Mgongo ulioelekea kaskazini-kusini karibu na ikweta ya sumaku hautoi karibu chochote, kwa sababu ya jinsi uga unavyolala hapo. Na kati ya miaka milioni 121 na milioni 83 iliyopita uga haukugeuka, hivyo sakafu ya kipindi hicho ni uwanja mpana usio na alama. Anayetaka kusoma umri hapo lazima atafute saa nyingine.

Saa nyingine ilikuja kwa kuchimba. Mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969 meli Glomar Challenger ilitoboa mfululizo wa mashimo katika Atlantiki ya Kusini, pande zote mbili za mgongo, hadi kufikia basalti. Swali lilikuwa moja: visukuku vidogo vilivyolala moja kwa moja juu ya basalti vina umri gani? Jibu liliongezeka kwa mstari ulionyooka kadiri shimo lilivyokuwa mbali na mgongo, kwa kasi ya sentimita 2 kwa mwaka kila upande, sawa na milia ilivyotabiri. Visukuku havijui sumaku. Kosa linaloweza kuharibu usomaji wa sumaku haliwezi kumfikia kiumbe aliyekufa na kuzama. Ukiniambia nichague ushahidi mmoja wa kumpa mbishi mwerevu, ningempa mashimo hayo kabla ya ramani yoyote.

Au ningempa utabiri wa mwaka 1965 wa mwanajiofizikia wa Kanada aitwaye Tuzo Wilson, kwa sababu ulikuwa wa kujiweka hatarini. Migongo ya bahari imekatwakatwa na mipasuko inayoikingama, na vipande vyake vimehama ubavuni. Ukitazama kwa jicho la kawaida utasema mgongo ulikuwa mmoja, mpasuko ukaukata na kuuvuta. Wilson alisema sivyo. Ikiwa sakafu inazaliwa kwenye mgongo na kusogea nje, basi kwenye mpasuko huo, alioupa jina la transfomu, miamba lazima iteleze kinyume na unavyodhani, na matetemeko yatokee tu katika sehemu iliyo kati ya vipande viwili vya mgongo. Lynn Sykes, mtaalamu wa matetemeko, alikwenda kupima. Wimbi la kwanza la tetemeko hufika kituoni ama likisukuma ama likivuta, na ukikusanya vituo vya kutosha unapata robo nne zinazokuonyesha mwelekeo wa mtelezo. Zamani kazi hii ilikuwa balaa, maana waya zikigeuzwa kituoni, msukumo huandikwa kuwa mvuto. Mtandao wa vituo vya aina moja uliojengwa na Marekani miaka ya 1960 ili kunasa majaribio ya nyuklia chini ya ardhi uliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Bomu husukuma pande zote, tetemeko haliwezi. Mwaka 1967 majibu ya Sykes yalitoka: kinyume, kama Wilson alivyosema.

Matetemeko yana jambo jingine la kusema, kuhusu upande ambako sakafu inakwisha. Chini ya mahandaki ya Pasifiki, yaani mifereji yenye kina kirefu katika sakafu ya bahari, vyanzo vya matetemeko hushuka kwa mshazari, bamba baridi likizama, hadi kina cha karibu kilomita 700. Na hapa kuna picha mbaya inayofaa kuondolewa, ile ya mabamba yanayoelea juu ya bahari ya magma. Mawimbi ya tetemeko ya aina ya S hayapiti kwenye kimiminika, nayo hupita kwenye koti la dunia bila shida. Koti ni mwamba mgumu unaotiririka polepole kwa sababu ya joto. Magma ya kwenye migongo nayo haiyasukumi mabamba. Inajaza nafasi yanapoachana. Donald Forsyth na Seiya Uyeda walionyesha mwaka 1975 kwamba mabamba yenye mkia mrefu unaozama, kama la Pasifiki, ndiyo yanayokimbia, na yasiyo na mkia wa maana huenda polepole. Uzito wa kinachozama ndio mvutaji mkuu.

Ushahidi wa visiwa vya Hawaii, vilivyozaliwa kimoja baada ya kingine bamba likipita juu ya chanzo cha joto, ningeutumia kwa uangalifu zaidi ya unavyotumiwa. Kauai ina umri wa miaka milioni 5 hivi na iko takriban kilomita 500 kutoka Kilauea, volkano iliyo hai leo, hivyo tunapata sentimita 10 kwa mwaka. Vizuri. Lakini hesabu hiyo inadhani chanzo cha joto kilicho chini hakikusogea. Milima ya kale zaidi ya mnyororo huo, ile ya Emperor iliyo chini ya maji, ina sumaku inayosema ilizaliwa kaskazini zaidi ya Hawaii ya leo. Chanzo chenyewe kilihama. Kama kipimo cha karibu kinafaa. Kama msumari usiotikisika, hapana.

Tangu miaka ya 1980 hatuhitaji tena kungoja miamba. Darubini za redio, miale ya leza iendayo kwenye setilaiti na baadaye GPS vimepima mwendo ukiwa unatokea. Kituo cha GPS chenye maana ni nguzo iliyokitwa kwenye mwamba hai, si juu ya paa wala kwenye udongo unaovimba mvua ikinyesha. Kinaandika mahali pake kila siku kwa usahihi wa milimita chache. Maji ya msimu hulemea ardhi na kuiachia, mstari ukapanda na kushuka kila mwaka. Ndiyo maana data ya chini ya miaka miwili na nusu haiaminiki kwa kasi. Antena ikibadilishwa, mstari huruka ghafla, na asiyesoma kumbukumbu za kituo ataripoti tetemeko lisilotokea.

Yaliyofuata ni kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1990 milia ya sumaku ya dunia nzima ilikusanywa katika modeli ya NUVEL-1, wastani wa miaka milioni 3. Ikilinganishwa na vipimo vya anga ilikubaliana navyo mno, ila ilikuwa na kasi zaidi kidogo. Wakati huohuo tarehe za migeuko zilikuwa zinapimwa upya kwa mizunguko ya dunia kulizunguka jua, ikaonekana mgeuko wa mwisho si wa miaka 730,000 bali 780,000. Mwaka 1994 modeli ilirekebishwa: kasi zote zikazidishwa kwa 0.9562. Pengo kubwa likazibika. Kilichokuwa na kosa ni saa, na mabamba yenyewe ndiyo yaliyosaidia kulifichua.

Kosa linaloenea zaidi katika kusoma GPS ni la marejeo. Vituo vya mashariki mwa Afrika vinaonyesha takriban sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki, na watu huandika kwamba Bonde la Ufa linafunguka kwa kasi hiyo. Silo. Hiyo ni kasi katika mfumo wa dunia nzima, na upande wa magharibi wa bonde nao unaelekea hukohuko kwa kasi inayokaribia hiyo. Toa moja kwa nyingine, inabaki milimita 6 hivi kwa mwaka upande wa Ethiopia, ikipungua kadiri unavyoshuka kusini. Kutoa kwenyewe hufanywa kwa vekta, mashariki peke yake na kaskazini peke yake, si kwa urefu wa mishale.

Kasi hizo ni wastani, na kwenye kingo ardhi haina adabu ya wastani. Huko Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, mwezi Septemba 2005, magma iliingia katika ufa wenye urefu wa kilomita 60 na kuufungua hadi mita 8 ndani ya wiki chache. Bamba la Arabia linaachana na Afrika kwa chini kidogo ya sentimita 2 kwa mwaka. Hizo mita 8 ni deni la zaidi ya miaka 400 lililolipwa kwa mkupuo. Kituo kilichowekwa kando ya ufa huo mwaka mmoja baadaye kiliandika mwendo mkubwa kuliko wa kawaida, kwa kuwa ardhi ilikuwa ingali inajiweka sawa. Kwa hiyo kasi ya bamba hupimwa katikati yake, mbali na kingo, na kituo cha ukingoni huulizwa swali jingine: deni limefika wapi.